Maswali ya Wasomaji: Urea, mawingu na matango ya kitalu nyumba

Barua tano nimezichagua safari hii, na zote zinahusu matango yanayolimwa ndani ya kitalu nyumba. Nilipoziweka pamoja mezani niliona kwamba msomaji wa Lushoto anailaumu miezi ya baridi na msomaji wa Kibaha anailaumu miezi ya joto, kila mmoja ana haki ya kulalamika, na wote wawili wamekuwa wakigawa mbolea kwa kipimo kisichobadilika mwaka mzima. Barua ya Lushoto nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu anayeielewa hiyo atajijibia nusu ya maswali yaliyobaki.

SWALI: Ndugu mtaalamu, shikamoo. Nina kitalu nyumba chenye upana wa meta 8 na urefu wa meta 30 hapa Lushoto. Mwaka jana nilihamisha miche ya tango mwanzoni mwa Septemba, nikawa naweka vizibo viwili vya soda vya urea kwa kila mche kila wiki, na nilivuna hadi nikachoka kubeba kreti. Mwaka huu nimehamisha miche ya mbegu ileile mwanzoni mwa Mei, kwa mbolea ileile na kipimo kilekile. Majani yamekuwa makubwa kama ya maboga na mashina ni manene kama kidole gumba, lakini vitango vikifikia ukubwa wa kidole cha mwisho vinageuka njano na kudondoka. Juu palipopauka nikaongeza kizibo cha tatu, hali ikazidi. Je, nimeuziwa mbegu feki? (Msomaji, Lushoto)

JIBU: Marahaba. Mbegu yako haina kosa, na mikono yako pia haina kosa kubwa. Kilichobadilika ni mwanga na joto ambavyo mmea huvihitaji ili uweze kuitumia naitrojeni, yaani kile chakula kilichomo kwenye urea unayoupa, na kizibo cha soda hakina namna ya kujua kwamba mawingu yametanda.

Tuanze na msimu wenyewe. Maelekezo mengi ya matango ya kitalu nyumba yametoka nchi kama Uholanzi, ambako siku ya Desemba haifikishi saa 8 za mwanga, kwa hiyo huko msimu maana yake ni urefu wa mchana. Kwetu sisi sivyo. Lushoto iko karibu mno na ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Msimu wetu unaletwa na mawingu, mvua, ukungu na baridi ya milimani. Miche uliyoihamisha Mei ilianza kubeba matunda Juni, wakati ambapo milima yenu ya Usambara huamka na ukungu na jua likichungulia mchana huwa kama limekopwa. Ile ya Septemba ilibeba Oktoba na Novemba, jua likiwa limerudi na usiku ukiwa na joto la kutosha. Ndiyo maana huwa nawaambia wakulima kwamba mwezi wa kuhamisha miche si hoja kubwa. Hoja ni hali ya hewa itakavyokuwa siku 35 au 40 baadaye, pale mmea utakapoanza kubeba.

Tango ni mmea wa joto. Hupenda mchana wa nyuzi 24 hadi 28 na usiku usioshuka sana chini ya 18, na ukishuka kukaribia nyuzi 12 ukuaji husimama. Nailoni ya kitalu haihifadhi joto la usiku kama watu wengi wanavyodhani, kwa sababu ni karatasi nyembamba tu. Ikifika saa kumi alfajiri, joto la ndani na la nje hulingana karibu kabisa, na faida ya kitalu huanza upya jua likichomoza.

Sasa tukifanyie hesabu hicho kizibo. Kizibo cha soda kilichojaa urea kina takribani gramu 5, na kwa kuwa urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kizibo kimoja kinabeba gramu 2.3 za naitrojeni. Vizibo viwili kwa wiki ni gramu 4.6. Linganisha na mahitaji. Mmea uliokomaa, siku ya jua kali, hunywa lita 2 hadi 3 za maji. Tukichukua lita 2.5 zenye miligramu 176 za naitrojeni kwa kila lita, ambacho ni kiwango cha kawaida cha mmumunyo wa mbolea wa matango, mmea utakuwa umekula miligramu 440 kwa siku, yaani gramu 3 na kidogo kwa wiki. Siku ya mawingu mazito mmea huohuo unaweza usifikishe lita 1. Ukinywa lita 0.8 zenye miligramu 145 kwa lita, kipimo cha siku za mawingu, umekula miligramu 116 tu, ambazo kwa wiki hazifiki gramu 1. Kwa hiyo vizibo viwili vyako vya Oktoba vilikuwa vimezidi kidogo, na ziada ile ilichukuliwa na hewa na maji bila wewe kuona dhara lolote. Vizibo hivyohivyo vya Juni vilikuwa zaidi ya mara tano ya kilichoweza kutumika, na ulipoongeza cha tatu ukafikisha karibu mara tisa.

Naitrojeni iliyozidi huwa haikai bure. Mmea unapoifyonza, huhitaji sukari ili kuigeuza kuwa protini, na sukari hiyo hutengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Siku za mawingu sukari ni kidogo, na hiyo kidogo huvutwa kwenda kujenga majani mapya, ambayo nayo huyafunika majani ya chini na kuongeza kivuli juu ya kivuli cha mawingu. Vitango vinabaki mwisho wa foleni. Tango la kitalu nyumba, hasa aina zinazozaa bila kuchavushwa, hutoa kitunda karibu kila kifundo, na mmea ukiona hauna cha kuvilisha vyote huvitelekeza vilivyo vichanga kwanza. Hiyo ndiyo njano unayoiona, inayoanzia kwenye ncha penye ua lililonyauka na kurudi nyuma kuelekea kikonyo.

Nimewahi kuingia kitalu cha namna hiyo asubuhi ya Julai, na alama zake hazihitaji maabara ili uzitambue. Jani ukilikunja huvunjika kwa sauti kama la kabichi. Ua lililochanua unalikuta mbali chini ya ncha ya mmea, limezikwa ndani ya majani, wakati kwenye mmea wenye uwiano mzuri huchanua karibu na ncha na kuonekana waziwazi. Kila kwapa la jani lina chipukizi. Ukigeuza jani changa unawakuta vidukari, kwa kuwa utomvu wa mmea ulioshiba naitrojeni ni mtamu kwao kuliko mwingine wowote, na matone ya umande yanayoning'inia kwenye nailoni yanaandaa mazingira ya ugonjwa wa ukungu wa majani uitwao ubwiri vinyoya.

Kuhusu kupauka kwa juu, hapo ndipo wengi wanapoteleza, na mimi mwenyewe niliteleza miaka ya mwanzo nikaunguza mstari mzima. Mizizi iliyo kwenye udongo wa baridi hufanya kazi kwa uvivu, kwa hiyo mmea hupauka hata kama chakula kimejaa miguuni pake. Njaa ya kweli ya naitrojeni huanza kwenye majani ya chini, kwa kuwa mmea huihamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kwenda kwenye machanga. Ukiona juu pamepauka na chini ni kijani cheusi, usifungue mfuko wa urea.

La kufanya sasa ni kusitisha mbolea yote ya naitrojeni kwa siku kumi hivi, na kumwagilia maji matupu asubuhi tu, kwa kiasi, bila kuuzamisha udongo. Toa machipukizi yote ya pembeni. Toa vitango vyote vilivyo kwenye vifundo sita vya chini kabisa, na juu ya hapo acha kimoja kila baada ya kifundo kimoja hadi jua lirudi. Najua inauma kung'oa tunda kwa mkono, lakini kumi yatakayokomaa ni bora kuliko thelathini yatakayodondoka. Kata majani ya chini yasiyopata mwanga. Fungua mapazia ya pembeni ikifika saa tatu asubuhi ili unyevu utoke, uyafunge saa kumi jioni joto likiwa bado ndani. Ukianza tena kulisha, anza na mbolea inayoyeyuka kupitia mipira ya matone, yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni. Kipimo chake nimekiandika kwenye jibu la msomaji wa Limuru hapa chini.

Kwa miaka ijayo, hamisha miche mwishoni mwa Agosti, na mkupuo wa pili mwanzoni mwa Desemba ili uvune Januari hadi Machi kabla masika hayajakolea. Kama bei ya Julai inakuvutia kiasi kwamba huwezi kuiacha, basi panda miche michache zaidi. Badala ya mimea 2.5 kwa kila meta ya mraba weka isiyozidi 1.8, ili kila mmoja upate sehemu yake ya jua lile dogo.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi nalima Kibaha, mkoani Pwani. Nilihamisha miche ya tango Januari. Matango mengi yamepinda, na mengine ni machungu upande wa kikonyo hadi mama mmoja wa sokoni amenirudishia kreti nzima. Kingo za majani zimekauka kama zilizopitiwa na pasi. Maji yangu ni ya kisima na kipimo cha EC kinasoma 1.2 kabla ya kuweka mbolea. Karatasi niliyopewa na aliyenijengea kitalu inasema nifikishe 2.5, nami naifikisha. Saa nane mchana kipimajoto kilisoma nyuzi 41. Nimekosea wapi? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Ulivyopima kisima chako kabla ya kuweka mbolea umeshanirahisishia kazi, kwani wengi hawafanyi hivyo. EC hupima chumvi zote zilizoyeyuka ndani ya maji, na haibagui chumvi inayolisha na chumvi inayochoma. Maji yako yanaanza na 1.2 ya chumvi ambayo mmea hauihitaji, wewe unaongeza 1.3 ya mbolea, na karatasi inaona 2.5 kisha inanyamaza. Tango ni katika mboga zinazoonewa na chumvi mapema; mavuno yake huanza kupungua pale chumvi ya udongo kwenye eneo la mizizi inapozidi takribani 2.5, na eneo la mizizi huwa na chumvi nyingi kuliko maji unayomwagilia.

Joto linazidisha tatizo hilo. Kwa nyuzi 41 mmea hunywa maji kwa kasi kuliko unavyofyonza chumvi, kwa hiyo maji yanapanda na chumvi inabaki nyuma, na kila saa ya mchana udongo unaozunguka mizizi unakuwa mkali zaidi. Ikifika jioni, mmumunyo wa 2.5 ulioumimina asubuhi si 2.5 tena. Kingo za majani huungua kwa sababu ndipo safari ya maji inapoishia, na kalsiamu inayotakiwa kuzilinda haifiki. Kama mbolea yako ya naitrojeni ni ya jamii ya amonia, kama vile salfeti ya amonia, unaongeza shida nyingine, kwa kuwa amonia hugombania njia na kalsiamu mzizini.

Uchungu unatokana na kemikali iitwayo kukurbitasini, ambayo iko katika jamii nzima ya matango na maboga. Mmea ukiteseka kwa joto na kiu huiachia ipande hadi kwenye tunda, na hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda, kama mteja wako alivyoonja. Kupinda nako mara nyingi ni alama ya kiu ya kukatizwakatizwa wakati tunda linanenepa, ingawa tunda lililogusa kamba au jani likiwa changa hupinda pia bila ugonjwa wowote.

Unachopaswa kufanya wakati wa joto ni kupunguza ukali wa mmumunyo na kuongeza idadi ya mikupuo ya maji. Watu huogopa kwamba mmea utalala njaa, lakini hesabu inakataa: miligramu 120 za naitrojeni kwa lita, mara lita 3 ambazo mmea utakunywa siku ya jua kali, ni miligramu 360, na hizo zinatosha. Mimina mara tano au sita kwa siku badala ya mara mbili, kidogokidogo, na mkupuo wa kwanza uwe wa maji matupu ili usukume chumvi ya jana chini ya mizizi. Tafuta pia maji ya mvua. Paa la kitalu cha meta 240 za mraba hukusanya lita 2,400 kwa mvua ya milimita 10 tu, na masika yako Kibaha hayana uchoyo. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya kisima, EC ya mwanzo itashuka hadi karibu 0.6, nawe utaweza kulisha vizuri bila kuvuka 1.8.

Niseme na jambo moja ambalo hukuliuliza. Kitalu kilichofungwa kwa nailoni pande zote kilibuniwa kwa ajili ya watu wanaokimbia baridi. Pwani hatukimbii baridi. Ungeniuliza kabla hujajenga ningekushauri paa la nailoni lililoinuliwa juu, lenye tundu la kutolea hewa ya moto, na kuta za wavu wa kuzuia wadudu kutoka chini hadi juu. Hata sasa unaweza kuondoa nailoni ya pembeni ukaweka wavu, na kutandaza wavu wa kivuli juu ya paa kati ya saa tano na saa tisa. Kuhusu msimu, jibu lako ni kinyume cha lile la Lushoto. Hamisha miche Mei ili uvune Juni hadi Septemba. Kipupwe kinachowadondoshea wenzako vitango milimani ndicho kinachokupa wewe mchana wa nyuzi 29 nje na usiku wa 19 au 20, ambayo ni hali ambayo tango lingejichagulia lenyewe.

SWALI: Bwana mhariri, nasoma safu yako nikiwa Limuru, Kenya. Mfuko wa kalsiamu naitreti ni ghali sana nikilinganisha na urea, na urea ina asilimia 46. Kwa nini nisiiyeyushe urea kwenye tanki la matone nikamaliza? Na CAN (kalsiamu amonia naitreti) je? (Msomaji, Limuru)

JIBU: Ukihesabu kilo kwa kilo uko sahihi. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, wa CAN yenye asilimia 26 una kilo 13, na mfuko wa kilo 25 wa kalsiamu naitreti yenye asilimia 15.5 hauna hata kilo 4. Lakini mmea haunywi asilimia. Urea lazima kwanza igeuzwe kuwa amonia na vimeng'enya vya udongo, kisha bakteria waigeuze amonia kuwa naitreti, ambayo ndiyo tango huipenda zaidi. Bakteria hao hupunguza kazi udongo unapopoa, na Limuru iko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Julai yako ni mawingu wiki nzima. Utaweka urea leo, itarundikana kama amonia kwa wiki kadhaa huku mizizi ikiumia, na hali ya hewa ikichangamka Septemba yote itageuka naitreti kwa mpigo na kuotesha msitu wa majani usiouhitaji.

CAN ni nafuu ya katikati, kwa kuwa nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti. Usiiweke kwenye mfumo wa matone, kwani ina chokaa isiyoyeyuka itakayoziba matundu, na utashinda siku nzima ukizibua kwa sindano. Itumie kwa mkono, gramu chache pembeni mwa shina, kwenye miezi yenye jua.

Kwa tanki lenyewe, huu ndio mchanganyiko ninaoutumia kwa lita 1,000 za maji masafi. Jua likiwa la kutosha, gramu 800 za kalsiamu naitreti na gramu 400 za potasiamu naitreti, ambazo kwa pamoja hutoa miligramu 176 za naitrojeni kwa lita. Mawingu yakitanda, nashusha kalsiamu naitreti hadi gramu 600, naiacha potasiamu naitreti palepale, na naongeza gramu 150 za potasiamu salfeti. Naitrojeni inashuka hadi 145 na potasiamu inapanda hadi miligramu 214 hivi, na mmea unaelekeza nguvu kwenye tunda. Fosforasi, magnesi na madini madogomadogo huongezwa katika hali zote mbili. Mimea ikiwa kwenye mboji ya nazi, tumia kipimo hicho kizima. Ikiwa kwenye udongo uliotiwa samadi au mboji, anza na nusu yake, kwa sababu udongo nao unachangia.

Ukitengeneza mmumunyo mzito wa akiba, tumia mapipa mawili. Kalsiamu naitreti ikae peke yake kwenye pipa la kwanza, na kila chenye salfeti au fosfeti kiende la pili. Ukivichanganya vikiwa vizito utaona maji yamegeuka meupe kama tui, na ule weupe ni jasi, yaani pesa yako iliyozama chini ya pipa.

SWALI: Mtaalamu, mimi sitaki mbolea ya dukani. Niliweka samadi ya kuku kutoka bandani moja kwa moja, nikafukia, nikahamisha miche siku ya tatu na kufunga kitalu kwa sababu ya baridi. Asubuhi macho yaliniwasha nilipoingia, na baada ya siku mbili majani yakawa na mabaka meupe katikati ya mishipa. (Msomaji, Iringa)

JIBU: Macho yako yalikujibu kabla yangu. Ile ni gesi ya amonia, ambayo shambani kwenye upepo ingepotea, lakini ndani ya kitalu kilichofungwa haina pa kwenda, na huunguza jani kupitia vitundu vyake vya hewa. Fungua pande zote leo hata kama kuna baridi, mwagilia kidogo ili kuituliza, na usubiri; ncha zikibaki kijani miche itapona, ingawa itachelewa kwa wiki moja au mbili.

Samadi ya kuku ni mbolea nzuri sana, na kosa lake ni haraka tu. Irundike ikiwa imechanganywa na pumba au majani makavu, inyeshee iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, igeuze kila wiki kwa wiki 6 hadi 8. Ikikoma kupata joto baada ya kugeuzwa na ikinuka kama udongo wa msituni, imeiva. Njia ya kujihakikishia ni kujaza kopo moja samadi hiyo ikiwa imechanganywa na udongo, kuotesha maharage ndani yake, na kufunika kwa nailoni. Yakiota bila kuungua, hata miche yako iko salama. Kumbuka pia kwamba samadi iliyofukiwa wakati wa baridi hutoa naitrojeni polepole sana, kisha huiachia kwa wingi joto likirudi. Kwa hiyo ukiona mimea imedorora Julai usirundike nyingine juu yake.

SWALI: Majani ya chini ya matango yangu yana njano. Jirani anasema ni njaa ya mbolea, muuza dawa anasema ni ukungu. Nimwamini nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usimwamini yeyote kabla hujaligeuza jani. Njaa ya naitrojeni hupausha jani zima kwa usawa, mishipa ikiwemo, na matunda nayo huwa ya kijani kilichofifia, mafupi, yaliyochongoka upande wa ua. Ubwiri vinyoya huchora mabaka ya njano yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa kama viraka, na asubuhi mapema ukitazama chini ya jani utaona vumbi la kijivu linaloelekea zambarau. Utitiri mwekundu huacha vidoadoa vya njano vingi kama jani lililochomwachomwa kwa sindano, na utando mwembamba kwapani mwa jani. Kama ni jani moja au mawili ya chini kabisa, kwenye mmea uliokwisha kuvunwa wiki tano, hakuna ugonjwa wala njaa hapo. Ni uzee tu, likate ulitoe nje ya kitalu.